Mstari Mmoja Katika Programu ya Babu

Kila siku akitoka shule, Kidole alipitia bohari la dawa alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mikono yake haikutulia. Programu za kompyuta za kutoa dawa ziliandikwa na babu yake kabla hajafariki. Koti la mzee huyo bado lilining'inia nyuma ya mlango, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliondoa.

Leo bohari lilikuwa kimya mno. Malori yalisimama matupu. Kazi ikianzishwa tu, skrini iliganda na kutoa maneno yaleyale: KUTOA IMEITWA TENA KABLA YA KUMALIZA.

"Ni mzee huyo," mtunza bohari alinong'ona, akilitupia koti jicho. "Alikufa kazi haijaisha. Hataki kutuacha."

"Hebu acha mambo yako!" shangazi alimkemea, lakini naye aliepuka kulitazama koti.

Meneja aliingia amefura kwa hasira. "Hospitali zinalilia dawa! Programu za mzee zimeoza. Leo zinafutwa zote."

Kidole aligeuka kuangalia mlangoni. Koti lilitikisika, labda ni upepo tu. Jana, shangazi alipotoka kupokea simu, yeye alikuwa ameongeza mstari mmoja kwenye programu ili naye aonekane fundi. Akinyamaza sasa, kazi yote ya babu itapotea.

"Shangazi, si babu," alisema. "Ni mimi. Niliiambia programu ya HESABU iiite programu ya KUTOA."

Shangazi alishika kichwa. "Ala! KUTOA inaiita HESABU, halafu inangoja jibu. Wewe umeifanya HESABU iiite KUTOA ileile inayongoja! Lugha hii ya kompyuta hairuhusu programu iitwe tena kabla haijamaliza. Inasimama papo hapo. Haya, kaa ufute mwenyewe."

Kidole aliketi kwenye kiti cha babu, akaufuta mstari wake. Printa ikakohoa, ikaanza kutoa hati za dawa. Nje lori likanguruma. Meneja alishusha pumzi, akaenda kuzipigia simu hospitali.

"Hutagusa kompyuta mwezi mzima," shangazi alisema. "Kukosea si ajabu, hata babu yako alikosea. Lakini uliponyamaza, tulimsingizia marehemu, naye hawezi kujitetea. Sema mapema, mwanangu. Mimi nimeshinda hapa tangu asubuhi nikimwogopa baba yangu mwenyewe."