Udongo wa Mata

Hebu niambie, umewahi kusikia mwizi anayeacha kompyuta mezani akabeba vyungu vyenye nyufa?

Ndivyo ilivyokuwa Voi, kwenye ghala la vitu vya kale. Vyungu sita vilitoweka, rafuni zikabaki alama sita za mviringo katikati ya vumbi. Kufuli lilikuwa zima.

Wiki mbili baadaye, familia za kijiji cha Mata zilizokuwa zikifukuzwa na shamba moja la mkonge zilionyesha vyungu sita zilivyofukua uani. Walisema ni vya babu zao, kwa hiyo ardhi ni yao. Kesi ilikuwa Jumatatu.

Inspekta Kavinya alikusanya kila kilichokuwa shimoni, vyungu na vigae viwili, akampelekea mkemia, Moureen.

"Kila mahali pana udongo wake," Moureen alisema. "Mashine hupima madini. Hivi sita vimetoka Milima ya Taita, sawasawa na vilivyobaki ghalani. Tena chini vimesuguliwa msasa, namba za ghala zitoke."

"Na hivi vigae viwili?"

"Udongo wa Mata wenyewe. Na ni vya kale kweli."

Kavinya alirudi Voi, akamwita Philemon, mtunza ghala.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na mkubwa wangu."

"Mkubwa alikuwa Mombasa. Kwenu wapi, mzee?"

"Mata, afande."

"Kwa hiyo vyungu vilijiendea kwa miguu?"

Philemon aliangalia viatu vyake. "Nilivifunga blanketi, nikapanda navyo basi. Shimo nilichimba mwenyewe."

"Ukakuta vigae viwili humo."

"Takataka tu. Nikavirudishia pamoja na mchanga."

"Takataka! Hivyo ndivyo vilivyofinyangwa hapo hapo Mata."

Mzee alisimama ghafla. "Basi vipelekwe kortini, afande! Leo hii!"

"Vimetoka kwenye shimo lako. Wakili wa shamba ataniuliza nani alivitia. Nimjibu nini?"

Philemon akakaa polepole, kama mtu anayepapasa kiti gizani. Kavinya alimfunga pingu bila kuikaza.

"Mshahara unao. Chumba unacho hapa Voi. Ulikuwa unatafuta nini, mzee?"



"Edith wangu amelala pale Mata, nyuma ya jiko. Alikuwa na miaka tisa. Mkonge wao hauruki kaburi." Alifuta pua kwa kiwiko. "Nilitaka trekta lisipite juu ya mtoto wangu."