Si Iliyofutwa

Palipokuwa na neno "usiku" sasa paliandikwa "uku". Palipokuwa na "siku" palibaki "ku", kama njiwa aliyekabwa koo.

"Wifi, kazi ya watu umeifanya nini?" aliuliza mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, akimwinamia mchapaji wake, mke wa kaka yake. "Mbona ina wekundu kama mtoto wa surua?"

"Nimefagia takataka," mchapaji akajibu huku akicheka. "Faili lilikuja chafu hilo!"

Kweli lilikuja chafu. Lilitoka kwa bibi mmoja mganga, mtu mpole wa kuomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Karatasi za marehemu baba yake zilipigwa picha zikageuzwa maandishi ya kompyuta, naye alitaka zichapwe kwa herufi kubwa, maana macho yake yalikuwa yamechoka. Lakini mashine iliyozigeuza ilikuwa imesoma kila doa la wino kama neno "si". Si mwanzo wa mstari, si katikati, si juu ya si. Mchapaji aliona kuzifuta moja moja ni kuhesabu nywele za paka. Akaiambia kompyuta izitafute zote iziondoe, akabonyeza "Badilisha zote". Alisahau kuweka nafasi kabla na baada ya neno lenyewe, basi kompyuta ikang'oa kila si iliyokuwamo, hata iliyojificha tumboni mwa neno jingine.

Hakuhangaika. Kompyuta ilipigia mstari mwekundu kila neno lililoharibika, naye akayatengeneza mpaka wekundu ukaisha. Wifi yake alimpisha kwenye kiti chenye mto, akainama kumfunika vizuri mtoto wa mchapaji aliyelala kwenye boksi la karatasi chini ya meza.

"Haya, soma kwa sauti tusikie kama inakaa sawa. Umebaki ukurasa gani?"

"Wa mwisho. Kifungo cha jini la baba yake. Bibi anasema likisomewa sawasawa linatulia lilipo."

"Lisomee basi. Likikosa kazi, lije litufagilie duka."

Mchapaji akasoma: "Aingie mlangoni."

Neno zuri, zima, lisilo na wekundu. Nje palikuwa mchana mweupe na watu walipita na shughuli zao. Ndani kukanuka nywele zinazoungua. Mlango ukafunguka taratibu, ukajifunga.

"Upepo," wifi alinong'ona.

"Wifi, hakuna upepo."

Alitaka kunyamaza. Vidole asivyoviona vikamshika taya, vikaupanua mdomo wake kama mtu afunguavyo mkoba, na ulimi ukasoma wenyewe: "Avunje mfupa."

Mkono wa wifi ukainuka juu kama wa mtoto anayetaka kujibu swali, ukazungushwa mara moja, ukazungushwa tena, na kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele mfupa ukakatika kwa mlio wa ukuni mkavu na ncha yake nyeupe ikatokeza nje ya ngozi.

"Anywe damu," ulimi ukasema.

Damu ilichuruzika kutoka kwenye kiwiko lakini haikufika sakafuni. Iliishia hewani, na pale ilipoishia palisikika kumeza, kumeza kwa pupa, kama ng'ombe aliyetoka kwenye kiangazi.

Mchapaji akauona mstari uliofuata: *Amguse mtoto.*

Hapo ndipo alipoelewa. Asiingie, asivunje, asinywe, asimguse. Alizing'oa si zote, na maneno yaliyobaki yalikuwa Kiswahili safi, kompyuta ikayapitisha bila neno. Akauma ulimi wake mpaka akaonja chuma.

"Soma," sauti ilisema ndani ya sikio lake.

Akatikisa kichwa. Lile jini likamshika nywele, likamng'oa kitini, likamgongesha uso mezani, likamwinua, likamgongesha tena, jino likaruka, pua ikapasuka, na kila alipoinuliwa aliuona ule mstari uking'aa mbele yake na kuibana midomo yake kwa mikono miwili, akimsikia mwanawe akianza kulia kule chini, akijua kwamba midomo hiyo ikifunguka imekwisha.

Wifi alitambaa. Kwa mkono mmoja mzima aliivuta simu, akampigia bibi mganga na kumwambia jini limeingia.

"Mwanangu, mmetoa nini kwenye maandishi?" sauti ya bibi ikatetemeka kwenye spika.

"Si!" wifi akalia. "Ametoa si zote!"

"Uwiii. Nisikilize, mama. Mstari wa kwanza uache, limeshaingia. Rekebisha inayofuata, kisha usome mpaka mwisho. Msomaji anaruhusiwa kusahihisha mara moja tu, na mara yako ni hii. Kuanzia sasa utakachosoma hakibadiliki tena."

Mchapaji akaitupa mikono kwenye vitufe. Baada ya A, s, i.

"Asivunje mfupa!"

Ngumi iliyomshika nywele ikamwachia. Mstari chini. S, i.

"Asinywe damu!"

Kumeza kukakoma. Lakini boksi lilikuwa limeshaanza kunyanyuka kutoka chini ya meza, na mtoto ndani yake alipiga mayowe huku kitambaa chake kikivutwa taratibu kutoka kifuani, na wifi alikuwa amelikumbatia boksi kwa mkono wake mmoja, akiburutwa nalo, akisema, "Mimi! Nichukue mimi, mwache huyu!" Mstari chini, s, i.

"Asimguse mtoto!"

Boksi likaanguka mapajani mwa wifi. Mstari chini, s, i, na mdomo wake uliojaa damu ukapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Asitoke humu!"

Duka likanyamaza. Hata mtoto alinyamaza.

"Mama," bibi aliita polepole kwenye simu. "Huo wa mwisho haukuwa na si. Baba aliandika *Atoke*. Umesomaje?"

Mchapaji aliangalia vidole vyake, vikiwa bado juu ya zile herufi mbili.

"Limeondoka, wifi?" wifi alinong'ona, akimkumbatia mtoto. "Niambie limeondoka."

Kiti chenye mto kikasogea chenyewe, kikaja karibu nao, na mto wake ukabonyea taratibu, kama chini ya mtu mzito asiye na haraka. Mtoto akageuza macho juu. Nywele zake laini zikaanza kupepea kwa pumzi iliyokuja ikienda karibu kabisa na uso wake, isimguse.