Mchoro wa Mwenziwe

Kila Jumatano baada ya vipindi, darasa la sita liliingia karakana ya shule kutengeneza kigoda cha miguu minne. Si meza, si kabati: kigoda. Fundi seremala alikuwa amefundishwa kigoda hicho na mwalimu wake, naye akawafundisha watoto vilevile, bila kuongeza hata msumari.

"Tutazeeka na vigoda," alinung'unika Mapinduzi, mvulana aliyepewa jina hilo kwa kutaka kubadilisha kila kitu, hata mlio wa kengele. "Mimi nimechora kiti chenye ubao wa kuandikia, mtu asihitaji dawati."

"Nyamaza, Fundi atakusikia!" alisema Chiriku, rafiki yake tangu darasa la kwanza, msichana aliyesifika kwa kusema mengi na kutenda machache.

Fundi alikuwa amesikia manung'uniko ya vigoda tu, si habari za kiti, na akawashangaza wote. "Haya, wataalamu. Kila mtu aniletee mchoro wa kitu kipya. Ulio bora tutautengeneza, na mwenyewe atakionyesha kitu chake mbele ya wazazi."

Chiriku aliikodolea macho karatasi tupu siku mbili. Siku ya tatu Mapinduzi aliacha daftari lake darasani, akaenda kucheza mpira. Chiriku alilifungua, akanakili mstari kwa mstari, akawahi kwa Fundi. Mapinduzi alipofika na mchoro wake, Fundi alikunja uso.

"Bwana mkubwa, makelele yote yale, kumbe unamwibia mwenzako? Hugusi randa mpaka muhula uishe."

Mapinduzi alimtazama Chiriku. Chiriku alitazama viatu vyake, ambavyo ghafla vilikuwa na mambo mengi ya kuangaliwa.

Siku ya wazazi ilifika. Chiriku alisimama kando ya kiti, mama yake mstari wa mbele, meno yote nje.

"Kaa, binti," alisema Fundi. "Waandikie wageni jina lako."

Chiriku alikaa, akashika kalamu kwa mkono wa kulia. Ubao ulikuwa kushoto. Alijipinda kama nguo inayokamuliwa. Karatasi ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Watu walicheka. Fundi hakucheka. Macho yake yalimtafuta Mapinduzi, mtoto pekee darasani aliyeandika kwa mkono wa kushoto.

"Chiriku, ubao mbona uko huku?"

Chiriku aliinuka kitini. Mama yake hakuwa akitabasamu tena.

"Nimeiba," alisema. "Kiti ni cha Mapinduzi. Na alipoadhibiwa, nilinyamaza."

Fundi alimwita Mapinduzi mbele, na kwa mvi zake zote akamwomba radhi. Mapinduzi alikaa kitini, akaandika jina lake kwa madaha.

"Ungeniambia tu," alimwambia Chiriku, "ningekuchorea cha mkono wa kulia." Kisha, kwa kuwa hata akishinda hakosi hoja, akamgeukia Fundi. "Lakini sisi nasi si tunaiga kigoda chako?"

"Si changu, ni cha mwalimu wangu. Nawaambia hivyo kila mwaka, tena kwa fahari. Kuiga kunafundisha mkono. Wizi unaanza unapomficha uliyemwiga, na unakuwa ukatili anapoumia yeye nawe umekaa kimya." Akamgeukia Chiriku. "Sasa pita kwa kila mzazi, umwambie kiti hiki ni cha nani."

Chiriku alifuta machozi, akaanza na mama yake.