Masomo ya Biashara ya Mwalimu Gamaliel

Kila Jumamosi asubuhi Mwalimu Gamaliel alipanda baiskeli yake pale shuleni Kahororo, akaenda kijijini Kanazi kwa baba yake. Alipeleka sabuni, chumvi na gazeti. Jioni alirudi na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma ya kiti. Ndivyo maisha yalivyokwenda mwaka ule wa 1955, Waingereza walipokuwa bado wanatawala Tanganyika.

Gamaliel alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa amesoma Makerere, huko Uganda, akapata digrii. Siku zile watu wa Bukoba wenye digrii walihesabika kwa vidole. Mkewe, Jovitha, alifundisha watoto wadogo, nao walikuwa na binti yao, Anatolia. Nyumba yao ilikuwa ya amani.

Shida ilikuwa Kanazi. Wakulima wa huko walikuwa na chama chao cha ushirika. Kila mmoja alichuma kahawa katika kibanja chake, shamba la kuzunguka nyumba, akaianika, kisha akaipeleka kwenye ghala la chama. Lori liliichukua hapo na kuipeleka mjini Bukoba. Lakini mambo hayakwenda sawa. Leo lori lilikuta ghala tupu. Kesho ghala lilijaa, na lori halikuonekana.

Siku moja Datius, mwenyekiti wa chama, alimkuta Gamaliel nyumbani kwa baba yake.

"Mwalimu, wewe umesoma kutupita sote," alisema. "Tupangie kazi hii, waitu, tafadhali."

Gamaliel alitabasamu. "Hilo ni jambo dogo. Tangazeni kwamba watu wote walete kahawa Jumatano ijayo. Alhamisi lori litakuja na kubeba yote. Atakayechelewa ataachwa."

Jumatano watu walifurika. Magunia yalijaa ghalani mpaka mlangoni, na mengine yakapangwa nje. Gamaliel aliyatazama akaona raha.

Alhamisi lori liliharibika njiani. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Lori lilipofika, siku nane zilikuwa zimepita. Magunia yalipofunguliwa mjini, yalitoa harufu ya uvundo. Mpima kahawa alikataa karibu yote. Ya Mzee Rugemalira, baba yake Gamaliel, yalikuwamo pia.

Wiki ile wakulima kumi na wawili walijitoa chamani. Wakaanza kuwauzia wachuuzi kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei yoyote waliyotajiwa.

"Mwanangu," alisema Mzee Rugemalira, "watu wananiuliza digrii yako ni ya kazi gani. Niwaambieje?"

Gamaliel alirudi Kahororo akisukuma baiskeli kwa mkono. Hata kupanda hakutaka.

Jumatatu alikwenda mjini kumwona Bwana Lukmani. Huyu alikuwa mkaguzi wa vyama vya ushirika, mtu mpole aliyeijua kazi yake vizuri. Gamaliel alimweleza kila kitu. Hakuficha kosa lake.

Lukmani alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, ukiugua tumbo, utakwenda kwa fundi seremala?"

"Hapana."

"Ingawa ni fundi hodari?"

"Ingawa ni hodari."

"Basi. Wewe ni hodari wa jiografia. Kuendesha shughuli ya watu mia tatu ni ujuzi mwingine, nao unafundishwa. Huko Uingereza kuna masomo ya biashara kwa watu ambao wana digrii tayari. Ni ya mwaka mmoja. Watu hujifunza kupanga kazi, usafirishaji, masoko, na namna ya kuongoza watu."

Gamaliel alishangaa. "Mimi nilidhani biashara ni kuuza na kununua dukani."

"Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kila kazi inayowakusanya watu na mali inahitaji elimu hiyo. Hata ushirika. Hata hospitali."

"Lakini nina miaka thelathini na mbili. Nianze upya?"

"Nani kasema uanze upya?" Lukmani alicheka. "Unajua kufundisha. Unawajua wakulima. Unakijua Kihaya. Hayo yote unakwenda nayo. Na usiache kazi kwanza. Omba likizo ya masomo. Halafu, katika barua yako ya maombi, waeleze habari ya magunia yaliyooza."

"Niwaeleze aibu yangu?"

"Waeleze. Wataona kwamba unajua unachokwenda kutafuta. Wengi huomba wakiwa wanatafuta cheti tu, wakirudi hawajui wakifanyie nini."

Gamaliel aliandika barua ya maombi, na nyumbani Jovitha akaisoma kabla haijapelekwa posta. Aliikunja, akamrudishia mumewe.

"Mwaka mzima, Baba Anatolia?"

"Mwaka mzima. Ukisema hapana, nitaichana."

"Sitasema hapana. Ila niahidi jambo moja. Ukirudi, usijifanye bwana mkubwa."

Alimwahidi.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Gamaliel alipata nafasi pamoja na msaada wa ada na nauli, na wakubwa wa shule wakampa likizo. Alivuka ziwa kwa meli, akapanda treni, kisha meli nyingine kubwa mpaka Uingereza.

Chuoni palikuwa na baridi kali. Masomo nayo yalikuwa magumu. Wenzake wengi walikuwa wamefanya kazi viwandani na katika makampuni. Wiki za kwanza Gamaliel alijiona mtoto wa darasa la kwanza. Hakukata tamaa. Kila alichofundishwa alikipima kwa Kanazi.

Siku moja mwalimu wao aliwaambia wachore safari ya bidhaa moja, tangu inapoanza mpaka inapomfikia mnunuzi. Gamaliel alichora kahawa.

"Sasa weka alama kila mahali inapokaa ikisubiri," mwalimu alisema.

Gamaliel aliweka alama. Zilikuwa tisa.

"Na kila penye alama, andika nani anayejua kwa nini inasubiri. Je, ulishawahi kumwuliza?"

Kalamu ilisimama. Gamaliel alijua nani aliendesha lori na nani alishika ufunguo wa ghala. Lakini hakujua nani aliyeanika kahawa, wala kahawa ilichukua siku ngapi kukauka. Hakuwahi kumwuliza mtu yeyote. Alikuwa ametoa amri tu. Siku ile ilimfundisha kuliko vitabu vyote.

Alirudi Bukoba akiwa na stashahada yake. Alitumaini kupewa umeneja. Nafasi ya umeneja haikuwapo. Wakubwa wa ushirika walimpa kazi ya msaidizi wa mtunza ghala, kulekule Kanazi.

"Ghala?" Mzee Rugemalira alishika kichwa. "Umevuka bahari ili uhesabu magunia?"

"Tata, nipe msimu mmoja," Gamaliel alijibu kwa utulivu. "Ghala ndipo kahawa inaposubiri. Nataka kuanzia hapo."

Aliaga shule, akaanza kazi. Jambo la kwanza, alikwenda Kanazi, akazunguka kibanja kwa kibanja. Safari hii hakutangaza kitu. Aliuliza.

Alimkuta Immakulata, mama mmoja mjane, akigeuza kahawa kwenye jamvi.

"Mama, nani huanika kahawa katika nyumba za hapa?"

"Sisi wanawake. Nani mwingine?"

"Mwaka ule, kwa nini mlileta kahawa ambayo haijakauka?"

Immakulata alimtazama bila woga. "Si mlisema atakayechelewa ataachwa? Tulijua ni mbichi. Tuliileta kwa hofu. Hakuna aliyetuuliza."

"Nisamehe, Ma. Kosa lilikuwa langu. Sasa nieleze, utajuaje kwamba imekauka?"

Alichota kahawa kavu, akaitikisa sikioni mwa Gamaliel. Punje zilicheza ndani ya maganda, zikalia.

"Ikilia hivi, funga gunia. Isipolia, irudishe juani. Huku mteremkoni jua ni jingi, hukauka mapema. Kule bondeni huchelewa wiki mbili nzima."

Gamaliel aliandika yote. Kisha alikaa na wajumbe wa chama, pamoja na Immakulata na wanawake wengine wawili. Wakakigawa kijiji katika sehemu nne. Kila sehemu ilipewa siku yake, wa mteremkoni kwanza, wa bondeni mwisho. Wanawake hao watatu walichaguliwa kukagua kahawa mlangoni mwa ghala. Wenye lori waliahidi kuleta lori jingine iwapo la kwanza litaharibika, na ahadi hiyo ikaandikwa na kutiwa sahihi. Chini ya magunia ziliwekwa mbao, ili unyevu usipande.

Mtu mmoja alinung'unika. "Wanawake watatukagua sisi?"

"Wanaijua kuliko sisi," alijibu Datius. "Au umesahau uvundo ule?"

Msimu ukafika. Lori la kwanza lilikuja siku iliyopangwa, na la pili, na la tatu. Mara mbili Immakulata alirudisha magunia ya mwenyekiti mwenyewe, naye Datius akayabeba kurudi nyumbani kuyaanika tena. Mjini, mpima kahawa alifungua gunia baada ya gunia. Hakukataa hata moja.

Habari zikaenea haraka. Kabla ya mwaka kwisha, wale wakulima kumi na wawili walirudi chamani, wakaja na majirani zao. Mzee Rugemalira alianza kupita vilabuni bila kuulizwa akieleza kazi ya mwanawe, ingawa sehemu nyingine aliikosea.

Kisha barua ilitoka kwa wakubwa wa ushirika. Vyama vya Muleba, kusini mwa Bukoba, vilikuwa na shida ileile. Walitaka mtu wa kuwafundisha makatibu na wajumbe. Awe anaijua biashara, na awe anajua kufundisha. Jovitha alipoisoma barua alicheka.

"Wamekuandika wewe bila kutaja jina!"

Walihamia Muleba. Jovitha alipata shule, na Gamaliel akapata kazi ambayo hakuiota alipokuwa Makerere. Ilikuwa kazi ya ualimu na ya biashara kwa pamoja.

Siku ya kwanza, wajumbe walimwandalia kiti mbele ya mkutano. Gamaliel aliwashukuru, akakiacha. Alikwenda uwanjani, mahali ambapo kina mama walikuwa wakigeuza kahawa, akavua viatu.

"Mama zangu," alisema, "nionyesheni kwanza ninyi mnavyofanya. Nikishaelewa, nami nitawaeleza nilichojifunza."

Walitazamana. Mmoja akajisogeza, akampa nafasi kwenye jamvi. Kazi ikaanza.