Aliyekaa Nyuma Kushoto

Taa ya upepo wa matairi kwenye dashibodi iliwaka kesho yake tu, baada ya matairi manne mapya kufungwa. Taa yenyewe ndogo ya manjano, hata kelele haina, lakini ilimpandisha mwenye gari, mshonaji wa nguo, hasira mpaka utosini. Alirudi gereji. Fundi wa matairi akapima, akasema upepo uko sawa kote. Mshonaji akarudi tena, jibu likawa lile lile. Leo ilikuwa mara ya tatu, na leo alikuja kwa shari.

"Wewe fundi, mimi nina sura ya mjinga?" alifoka kabla hata hajashuka. "Matairi mapya, taa inawaka! Umenifungia nini?"

Fundi aliinamia tairi la nyuma kushoto, akatazama lilivyolemewa, kisha akachungulia ndani. Binti wa mshonaji, mtoto wa miaka saba, alikuwa amejibana kwenye mlango wa kulia, mkoba wa shule mapajani, ingawa kiti kizima kilikuwa wazi.

"Mbona umejikunyata hivyo, mwanangu?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimempisha," binti alinong'ona. "Ana mwili mkubwa. Halafu ananuka nywele zilizoungua."

Harufu hiyo mshonaji alikuwa nayo puani tangu juzi, akidhani ni mpira mpya. Mkanda wa kiti cha nyuma nao alikuwa ameusikia ukijifunga, ka!, na kila mara alimkaripia mtoto aache kuchezea vitu.

Fundi alimshusha mshonaji, akamvuta pembeni. "Dada, nisamehe. Siku ile ya kufunga matairi nilisahau mlango wa gari wazi saa sita mchana, pale kwenye rundo la matairi mabovu. Sisi hapa hatuachi mlango wazi saa hizo. Kuna mzee anayejua kuwatoa hao wanaoingia, nimeshampigia simu, yuko njiani. Msubiri."

"Kumbe ulijua? Siku tatu unanipimia upepo, na mwanangu amekaa na hilo lidude?"

"Niliogopa, dada. Lakini tafadhali, kile kitufe cha kuzima taa usikiguse. Ukikibonyeza unalifundisha gari kwamba hali ya sasa ndiyo sahihi. Litamhesabu kuwa ni wa humo."

Hapo ndipo hasira ilipomponza. Angesubiri robo saa tu! Badala yake aliingia garini akabamiza mlango, na huku fundi akigonga kioo na kumsihi, huku binti akinong'ona "Mama, anacheka," huku ile harufu ikimjaa kooni na kitu kizito kikijisogeza nyuma yake mpaka springi za kiti zikalia, alikikandamiza kitufe kwa kidole gumba hadi taa ikapepesa mara tatu, ikazimika.

"Unaona?" alimpigia fundi kelele. "Mwongo mkubwa wewe!"

Walifika nyumbani jua lingali kali. Njia nzima taa haikuwaka. Binti alishuka, akakimbilia ndani. Injini ilikuwa bado inaunguruma, mshonaji akiokota pochi yake, aliposikia mlango wa nyuma kushoto ukifunguliwa na kufungwa taratibu. Gari likainuka kidogo upande ule.

Taa ya manjano ikawaka.

Aliitazama, akaelewa kwamba gari lilikuwa linamdai abiria wake. Alikimbia akimtukana fundi, akijitukana mwenyewe zaidi, akaupiga mlango wa nyumba kwa ngumi zote mbili. Ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa lile komeo la juu ambalo binti yake hakuwahi kulifikia.