Dawa ya Mtu Mmoja

Kila asubuhi nilifagia uwanja, nikamwogesha mdogo wangu Safiya, kisha nikapitia sokoni kuelekea shuleni. Mama alikuwa ameshafungua kibanda chake cha vitenge. Mji mzima wa Masumbwe unamjua Mama Mwanaidi kwa usafi; vumbi la barabarani hulifuta hata kabla halijatua. Basi fikiria aibu yangu, mimi Mwanaidi mwenyewe, kukaa darasani nimeficha mikono chini ya dawati nikijikuna.

Nilikuwa na upele. Nesi Apolonia wa zahanati alitupa dawa nyeupe kama maziwa, yenye harufu kali. Alitueleza vizuri: tupake nyumba nzima siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, na tufue nguo na mashuka yote, tuyaanike juani.

Tulipofika nyumbani mama akashusha sauti. "Nani atashika vitenge vyangu akisikia nyumba nzima tunapaka dawa ya upele? Paka wewe tu, mikononi, hapo panapoonekana."

Nikapaka mikono. Muwasho ukapungua, nikaanza kutamba. Wiki ya tatu nikawa najikuna tena, na Safiya, ninayelala naye shuka moja, akawa anajikuna pia. Tukarudi zahanati.

"Mlipaka wote?" nesi akauliza.

Mama akanitazama. "Wote," nikajibu haraka. Nesi akakunja uso kwa mshangao, akatupa chupa nyingine. Nyumbani tukarudia yale yale.

Safari hii upele ukamwingia Mariana, niliyekaa naye dawati moja. Baba yake, Mzee Nkwabi, anafuga ng'ombe nje ya mji, na darasani hawakuhitaji ushahidi mwingine.

"Ameutoa zizini huyo!" alisema Amosi, yule mwenye maneno mengi. Mwalimu akamhamishia Mariana dawati la nyuma, peke yake, mpaka apone. Amosi akanigeukia. "Na wewe kakuambukiza, eti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mariana aliniona. Hakulia, alikusanya tu madaftari yake. Mpaka leo nikikumbuka, uso unaniwaka.

Tuliporudi zahanati mara ya tatu, tuliwakuta Mariana na baba yake chumbani kwa nesi. Nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba, kisha akavua kofia mbele ya mama yangu.

"Mayu, utusamehe," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nasikia binti yangu kamwambukiza wako. Sisi tumeshapaka wote, watu tisa, pamoja na bibi yao aliye kitandani. Mablanketi yote tumefua."

Mtu mzima anatuomba radhi kwa kosa letu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Siyo Mariana," nikasema. "Mimi ndiye niliyeanza. Mimi ndiye niliyemwambukiza. Na nyumbani hatukupaka wote. Nesi, nilikudanganya."

"Mtoto alinifuata mimi," mama akasema taratibu. "Niliogopa maneno ya wateja. Mzee wangu, sisi ndio wa kuomba msamaha."

Nesi Apolonia akaweka kalamu mezani. "Kumbe! Na mimi nilikuwa natafuta dawa nyingine, nikidhani ile imeshindwa. Sikilizeni. Wadudu wa upele ni wadogo mno. Ukiwaua mikononi tu, wanabaki sehemu nyingine za mwili, kwa mdogo wako na kwenye shuka, halafu wanakurudia. Humpata mtu yeyote, awe msafi au mchafu. Na wewe Mwanaidi, mgonjwa akinidanganya, naishia kutibu uongo wake, upele unabaki pale pale."

Siku hiyo hiyo tulipaka wote, mama akiwa wa kwanza, tukafua kila kitu. Nesi alipotupa ruhusa, nilirudi shuleni, nikasimama mbele ya darasa nikasema ukweli wote. Wengine walicheka. Nikabeba madaftari yangu hadi dawati la nyuma, nikasimama mbele ya Mariana.

"Nisamehe," nikasema.

Mariana alinitazama. "Mbele yao ulikubali kwa kichwa," alisema. "Leo angalau umesema kwa mdomo."

Kisha akasogea, akaniachia nafasi.