Minza, Fizikia na Ng'ombe wa Baba

Kwetu Ilembo, pembeni mwa mji wa Mpanda, Jumamosi ilikuwa siku ya kupe. Baba yetu, mzee Ngusa, alipulizia ng'ombe dawa kwa bomba la mgongoni. Mimi, Nkwabi, kazi yangu ilikuwa kushika pembe na kupigwa mateke. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, lakini somo la kukwepa mateke hawakutufundisha.

Jumamosi moja, mwanzoni mwa mwaka 1994, mdogo wangu Minza alikuwa anatuletea maji. Alikuwa anaingia kidato cha tatu. Jumatatu ilibidi amwambie mwalimu masomo anayoendelea nayo na yale anayoacha.

"Naacha fizikia na kemia," alisema. "Baiolojia nabaki nayo."

"Wewe si unataka udaktari?" nikamuuliza.

"Daktari anatibu mwili. Mwili uko kwenye baiolojia. Halafu fizikia nimepata thelathini na nane, kaka. Nitaaibika."

Baba akadakia kutoka upande wa pili wa ng'ombe. "Aache! Fizikia ni ya mafundi redio. Mimi nimechinja ng'ombe tangu ujana. Ini nalijua, figo naijua, bandama naijua hata nikifumba macho. Nani alinifundisha fizikia?"

"Basi baba ni daktari bingwa," nikasema. "Tatizo, wagonjwa wake wote tunawala."

Mayu, mama yetu, alicheka huko jikoni mpaka tukamsikia anakohoa.

Mara akaingia jirani yetu, Daktari Dorotea, na kidumu chake cha maziwa. Alifanya kazi kituo cha afya. Minza alimpenda sana. Kila daktari alipopita njiani na koti lake jeupe, Minza alinyoosha mgongo kama vile koti amevaa yeye.

"Shikamoo, daktari," Minza alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, daktari mwenzangu. Mbona mnyonge?"

Mayu akatoka jikoni, akamweleza yote. Dorotea hakubisha. Alimgeukia baba.

"Baba Nkwabi, hiyo dawa ya kupe unaichanganyaje?"

Baba akavimba kifua. "Kwa kipimo, mama. Napima kwa kizibo hiki, kama bwana mifugo alivyonionyesha. Maji nayo napima."

"Baba, mwaga chupa nzima tukapumzike," nikasema.

"We chizi nini? Dawa ikizidi inamdhuru ng'ombe, ndama anakufa. Ikipungua, kupe wananenepa!"

Dorotea akapiga makofi. "Hapo umefundisha kemia, Baba Nkwabi. Mimi nampa mtoto dawa. Ikizidi, namdhuru. Ikipungua, haponi. Na lazima nijue dawa ipi haichanganywi na ipi."

Baba alikitazama kizibo kana kwamba kimemsema mbele za watu.

"Haya," akasema, "kemia nimekubali. Fizikia je?"

"Dripu tunaitundika juu ya mgonjwa. Kwa nini juu?"

"Ili maji yashuke."

"Fizikia hiyo. Kupima shinikizo la damu ni fizikia. Eksirei inayoonyesha mfupa uliovunjika ni fizikia. Ini ulilijua kwa kisu, Baba Nkwabi. Mimi mgonjwa wangu lazima arudi nyumbani kwa miguu yake."

Kisha akamshika Minza mkono. "Sikiliza, mwanangu. Kwenda kusomea udaktari unapitia kidato cha tano na cha sita, mchepuo wa PCB. Yaani fizikia, kemia na baiolojia, yote matatu. Ukiyaacha mawili leo, huko hawatakuchukua. Na hesabu usiitupe, ndiyo inayobeba fizikia."

"Na ile thelathini na nane?" Minza aliuliza. Machozi yalikuwa karibu.

"Ukipata alama mbaya, unaweza kuipandisha. Somo uliloliacha utalipandishaje? Muulize mwalimu usipoelewa. Soma na wenzako. Fanya maswali ya mitihani iliyopita. Kidogo kidogo, kila siku."

Minza alimtazama baba. Baba alikohoa.

"Jumatatu kamwambie mwalimu huachi kitu," akasema. "Na jioni utasoma. Maji atachota Nkwabi."

"Mimi?"

"Wewe si umeshamaliza shule?"

Basi nikawa nasimama foleni ya bomba na ndoo yangu katikati ya wasichana. Walinicheka mpaka wakachoka. Wiki ileile ng'ombe wetu akazaa ndama jike. Baba akampa jina: Kemia.

Muhula wa kwanza Minza alipata arobaini na tano ya fizikia. Wa pili, hamsini na mbili. Aliendelea kupanda, nami niliendelea kuchota. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, masomo yote matatu alikuwa amefaulu vizuri. Akachaguliwa kwenda Tabora, mchepuo wa PCB.

Siku ya safari, stesheni ya Mpanda, baba alivaa koti lake la kanisani. Hakuna abiria aliyepona.

"Binti yangu huyo. Anasoma PCB."

"Ndiyo nini, mzee?"

"Hujui? Fizikia, kemia, baiolojia! Ukitaka udaktari, huachi hata moja."

Treni ilipoondoka, Minza alipunga mkono dirishani. Baba alipunga kofia mpaka behewa la mwisho likapotea. Mayu alifuta macho. Mimi yangu nikasingizia vumbi.

Mwaka uliofuata, Kemia naye akazaa. Jina la ndama halikuhitaji kikao. Tulimwita Fizikia. Anapiga mateke kuliko mama yake, na mimi ndiye ninayemshika. Lakini kwetu sasa Fizikia haachwi.